Jina la Muhula katika Barua ya Kiingereza

Kila mwanafunzi ajua muhula ni nini: ni kipindi cha masomo kilicho kati ya likizo na likizo. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni nafasi ya muda apewayo mtu. Waingereza hukiita kipindi hicho "term", neno lenye asili ya Kilatini, maana yake mpaka. Wamarekani hupenda kusema "semester", nalo ni la Kilatini pia, maana yake miezi sita.

Tuseme mwanafunzi wa Tanzania aiandikia shule moja ya Uingereza kuomba nafasi. Aandika kwamba atakuwa tayari kuingia katika "the first term". Moyoni mwake akusudia Januari, maana ndipo mwaka wa shule uanzapo Tanzania. Lakini Uingereza mwaka wa shule huanza Septemba. Basi aipokeaye barua amwekea nafasi ya Septemba. Mwombaji afika Januari, akuta darasa limekwisha mtangulia miezi minne, na kiti chake kapewa mwingine. Hakuna aliyesema uwongo. Ila jina la muhula peke yake halikutosha.

Tena majina yenyewe ni ya namna nyingi. Shule nyingi za Uingereza huita mihula kwa majira ya mwaka: "autumn term" huanza Septemba, "spring term" huanza Januari, kisha hufuata "summer term". Lakini katika Australia majira ni kinyume. "Autumn" yao ni tangu Machi hata Mei. Chuo Kikuu cha Oxford hufuata sikukuu za Kanisa. Muhula wa Oktoba huitwa "Michaelmas", kwa sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba. Wa Januari ni "Hilary", kwa Mtakatifu Hilario. Na wa tatu ni "Trinity", yaani Utatu. Cambridge nao huanza na "Michaelmas", bali wa pili huuita "Lent", yaani Kwaresima, na wa tatu "Easter", yaani Pasaka.

Basi uandikapo, shika kanuni hizi nne:

1. Tumia jina litumiwalo na shule ile unayoitaja, wala usibuni lako.

2. Taja mwaka daima: "autumn term 2024". Mwaka wa masomo wa Uingereza hugusa miaka miwili; muhula ufuatao ni "spring term 2025", ingawa mwaka wa masomo ni ule ule.

3. Msomaji akiwa nchi nyingine, taja na mwezi: "the first term, which begins in January 2025".

4. Majina ya miezi na ya sikukuu huanza kwa herufi kubwa: "January", "Michaelmas". Majina ya majira huandikwa kwa herufi ndogo, "autumn", isipokuwa yakianza sentensi.

Asemaye kwa kinywa huulizwa papo hapo, naye hujieleza. Barua haina kinywa. Iliyoyabeba ndiyo hayo tu.

Zoezi: Andika kwa Kiingereza sentensi moja ya kumwarifu mtu aliye Uingereza muhula wenu ujao utaanza lini. Kisha mpe mwenzako aisome, akuambie ni mwezi gani na mwaka gani.