Kompyuta ya Kiganjani na Laptopu: Ipi Yastahili Fedha Yako?

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ndivyo walivyotuusia wazee wetu, nasi hatuna la kuwapinga. Lakini katika soko la mitambo ya siku hizi, msomaji mpenzi, kizuri na kibaya vyote hutembezwa, tena kwa ngoma na zumari, hata mnunuzi asiweze kutenga pumba na mchele. Kwa hivyo leo nataka tuweke mizanini vyombo viwili: zile kompyuta ndogo za kuchezea gemu ambazo hushikwa kwa mikono miwili kama sahani, na laptopu, ambayo mabingwa wa lugha wameipa jina la kipakatalishi. Vijana wetu wamekwisha kuzisikia habari za hizo ndogo, na wenye jamaa Dubai au Maskati hawaachi kuuliza: "Ami, ukija utaniletea?" Basi kabla ami hajafungua mfuko, na tupime.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kompyuta ya kiganjani si mwanasesere. Ndani yake ni kompyuta kamili. Mashuhuri kupita zote ni Steam Deck ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwezi wa Februari 2022. Ya kwanza ilikuwa na skrini ya inchi 7, memori ya gigabaiti 16, vijiti na vibonyezo pande zote mbili, na uzito wa gramu 669, yaani hata kilo moja haikutimia. Huendeshwa kwa mfumo uliojengwa juu ya Linux, na ukiiunganisha na kibodi na skrini kubwa waweza kuandikia barua na kufanyia hesabu. Baadaye wakafuata wengine: Asus wakatoa ROG Ally mwezi wa Juni 2023, na Lenovo wakatoa Legion Go mwishoni mwa mwaka huo huo, zote mbili zikitumia Windows.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo pana siri. Steam Deck ya chini kabisa ilitoka kwa dola 399. ROG Ally iliyo bora ilitoka kwa dola 700 kasoro kidogo. Mbona tofauti hiyo? Hapana shaka ROG Ally ilikuwa na nguvu zaidi, lakini hiyo si sababu yote. Mfano wake ni mwenye duka auzaye kandili kwa bei ya chini kwa kuwa mafuta ya taa nayo yauzwa pale pale kwake. Valve ndio wenye Steam, duka la gemu lililofunguliwa mwaka 2003, na katika kila dola 100 za gemu inayouzwa humo, kwa kawaida wao huchukua 30. Faida yao imo katika mafuta. Asus na Lenovo hawana duka la namna hiyo, kwa hivyo faida yao sharti itoke katika kandili lenyewe.

Ndiyo maana wasio na mafuta wamelazimika kushikana mikono na wenye nayo. Mwaka 2025 Lenovo walitoa Legion Go S yenye mfumo wa Valve, ambayo awali ilitangazwa kwa bei ya kuanzia dola 500 hivi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Asus wakashirikiana na Microsoft kutoa ROG Xbox Ally, ndogo kwa dola 600 na kubwa kwa dola 1,000 hivi. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129, hiyo ndogo yakaribia shilingi 77,000, na kubwa yafika 129,000, kabla ya nauli, kodi na faida ya mchuuzi.

Historia nayo ina la kutufunza. Mwaka 1989 Nintendo wa Japani walitoa Game Boy. Skrini yake haikuwa na rangi, na wapinzani waliicheka. Mwaka huo huo Atari wakaja na Lynx, na mwaka uliofuata Sega wakaja na Game Gear, zote mbili zenye rangi za kupendeza macho. Lakini hizo za rangi zilimeza betri sita kwa saa chache tu, ilhali Game Boy ilitosheka na betri nne kwa zaidi ya saa kumi, na bei yake ilikuwa chini. Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyemfuata zikauzwa karibu milioni 119. Soko halikumchagua mwenye urembo bali mwenye kudumu. Kwa upande huu kompyuta za kiganjani za leo zingali na udhaifu: Valve wenyewe walisema betri ya Steam Deck ya kwanza yakaa saa 2 hadi 8, na gemu nzito ndizo zenye kuivuta kwenye zile 2.

Somo la pili ni la mwaka 2007. Asus hao hao walitoa kilaptopu kiitwacho Eee PC, nacho kilikuwa na skrini ya inchi 7 na mfumo wa Linux. Watu walikigombania, na kampuni nyingine zikaiga mbio mbio. Mwaka 2010 ikaja iPad, simu nazo zikazidi kuerevuka, na kufika mwaka 2013 vilaptopu vile vilikuwa vimekwisha sokoni. Vilikuwa vimesimama juu ya mguu mmoja tu, nao ni urahisi wa bei. Alipokuja mwingine kufanya kazi ile ile kwa raha zaidi, mguu ukavunjika.

Je, kompyuta ya kiganjani nayo itakwenda njia hiyo? Mimi sidhani. Yeye ana jambo ambalo simu haina: humwezesha mtu kucheza, akiwa kitandani au safarini, gemu za kompyuta kubwa ambazo alikwisha kuzinunua. Lakini wala sidhani kwamba ataing'oa laptopu. Kompyuta zaidi ya milioni 200 huuzwa ulimwenguni kila mwaka, na nyingi katika hizo ni laptopu. Steam Deck, baada ya karibu miaka miwili sokoni, Valve walisema zimeuzwa milioni kadhaa tu. Ni biashara yenye uhai, ila ni mtaa mmoja katika mji mkubwa. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori imepanda kwa ajili ya mitambo ya akili bandia inayozimeza kwa wingi, jambo linalowaumiza zaidi wale ambao sifa yao ilikuwa bei nafuu.

Na tulitazame neno lile nililolisema, "gemu ambazo alikwisha kuzinunua," kwani ndilo linalotuhusu sisi. Kijana wa Ulaya au Marekani aliyekusanya gemu katika Steam kwa miaka kumi, akinunua chombo hiki amepata kandili na mafuta tayari anayo. Kijana wetu wa Kisauni au Majengo aghalabu hucheza kwenye simu, au hulipia mchezo mmoja mmoja katika kibanda cha PlayStation. Hana akiba hiyo. Akinunua kompyuta ya kiganjani, ndipo aanze kununua gemu, na gemu kubwa moja huweza kufika gigabaiti 100 za kupakua. Nani atalipia intaneti hiyo? Almuradi amenunua kandili tupu.

Laptopu haina mbwembwe hizo. Masoko yetu yamejaa laptopu zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, akina ThinkPad, EliteBook na Latitude, ambazo bei yake ni sehemu tu ya ile ya mpya. Ikiharibika, fundi wa mtaani aijua, na kipuri chake kitapatikana. Ukiichoka, yuko atakayeinunua. Mwanafunzi huandikia utafiti wake, mfanyabiashara huwekea hesabu, mshairi hupangia beti zake. Mtu atasema, "Nitaiwekea kompyuta ya kiganjani kibodi na skrini." Vyema. Lakini ajumlishe bei ya kibodi, ya skrini na ya kiunganishi, kisha aulize kama hakufika penye bei ya laptopu nzuri, naye hana cha kukunja na kutia mkobani.

Sisemi kwamba mchezo ni upuuzi. Gemu ni sanaa na ni kazi ya watu, na huenda mmoja wa vijana hawa akawa mtungaji wa gemu za Pwani, zenye majahazi na mitepe na masimulizi yetu. Lakini hata huyo, gemu hutungwa kwa kibodi, haitungwi kwa vidole gumba. Kwa hivyo mwenye laptopu nyumbani, na fedha ya ziada isiyodaiwa na karo wala kodi ya nyumba, na anunue cha kiganjani astarehe, hana lawama. Ama mzazi mwenye fedha za chombo kimoja tu, na mtoto aliyemaliza shule anamtazama usoni, huyo kununua cha kuchezea ni israfu, hata kama bei ni moja. Ami naye akiulizwa tena kwenye simu, na ajibu kwa upole kwamba atakuja na laptopu.

Ukitaka kununua, pima kwanza haja yako,
Chombo usije chukua, kisicho na kazi kwako,
Kesho hutajisumbua, ukajuta peke yako,
Kazi ndiyo mkongojo, mchezo ni pambo lako.