Bustani ya Maua Mvua Zinapokatika

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, hasa Njombe na Makete, mwezi wa Mei maua yaliyosimama wima tangu Januari huanza kuinamisha vichwa. Mvua zimekatika na asubuhi ni baridi. Wengi wetu hapo hushika jembe na kung'oa kila kitu ili uwanja uwe safi. Tusiharakishe, akina mama. Mengi ya bustani ya mwaka ujao yamo humo humo katika hayo yanayokauka.

Vichwa vya zinia na kosmosi tuvichume vikisha kuwa vya kahawia kabisa, siku ya jua, umande ukiwa umekauka. Tuvianike kivulini wiki moja hivi, kisha mbegu tuzitie katika bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, na mbegu huota ukungu. Rangi tuiandike juu ya bahasha, ingawa nyuki huchanganya chavua, na zinia mara nyingi hutuletea rangi tusiyoiagiza!

Dalia ni habari nyingine, kwa kuwa hutunza uhai wake katika viazi vilivyo ardhini, kama zifanyavyo okidi za Kitulo wakati wa kiangazi. Sakitu ya alfajiri ikiunguza majani, tukate shina tukibakiza kama shubiri moja, tuchimbe mbali kidogo tusivijeruhi viazi, tuvikaushe na kuvihifadhi katika mchanga mkavu. Wakati wa kugawana na jirani, tuangalie shingo, pale kiazi kinapoungana na shina. Jicho liko hapo. Kipande kisicho na jicho hakichipui hata kiwe kikubwa namna gani. Lakini penye udongo usiotuamisha maji viazi vinaweza kubaki ardhini, maana sakitu yetu haigandishi udongo kwa kina.

Waridi tusilikate sana sasa. Machipukizi mapya yataungua kwa baridi, basi lisubiri hadi Agosti.

Linalotusumbua zaidi sisi wauguzi ni lile rundo la matawi tunayokata miezi hii. Oleanda, ule mti wa majani marefu membamba na maua mekundu au meupe, una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na majani yake yakikauka bado yana sumu. Mbuzi asipewe. Tusiyachome, kwa maana hata moshi wake unadhuru, na vijiti vyake visichomee nyama wala kukoroga chungu. Mti mwingine ni ule wa maua makubwa kama tarumbeta yanayoning'inia, ambayo watoto hupenda kuyachezea. Mtoto aliyeyala hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, huwa na joto na kuweweseka, na wazazi wengine hudhani ni malaria imepanda kichwani.

Mtoto akionekana ametafuna mojawapo, tutoe mabaki mdomoni, asukutue kwa maji kama ana fahamu. Tusimtapishe, wala tusimnyweshe maziwa tukitumaini yatazimua sumu. Tumkimbize kituo cha afya hata kama anaonekana mzima, tukiwa na tawi la mti huo katika mfuko, na tumweleze mganga alikula saa ngapi.