Unauza miche ya vyungu? Hesabu siku kabla hujashika mkasi

Leo naongea na wale tunaouza maua na viungo vya kwenye vyungu kupitia WhatsApp na Instagram. Mada ni kupogolea, yaani kukata ncha na matawi ili mche ujae. Wengi tunajua kukata. Tatizo letu ni tarehe, tunakata siku ambayo tayari tumeshachelewa.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilipata oda ya vyungu 30 vya rosemari, kila kimoja shilingi 8,000. Dada mmoja alikuwa na sendofu ya mdogo wake, akataka wageni wake waondoke na zawadi ya chungu. Akatanguliza nusu, 120,000. Picha niliyomtumia ilikuwa ya mche wangu mmoja uliojaa vizuri. Mingine ilikuwa mirefu, myembamba, imelala upande. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka nikachukua mkasi wa jikoni nikaifyeka yote ilingane. Nikalala nimeridhika kabisa.

Asubuhi boda akapeleka. Saa nne simu ikaita: "Kaka yangu, mbona umeniletea vijiti?"

Sikuwa na cha kujibu, maana vilikuwa vijiti kweli. Alichagua 11 tu, nikamrudishia 32,000 na nauli ya boda 15,000 ikawa juu yangu. Vyungu 19 vikarudi nyumbani. Nikajipa moyo kwamba vitachipua niviuze baadaye. Kumbe 12 havikuchipua tena mpaka vikakauka. Sababu yake nitaieleza huko chini.

Kwanini tunakata

Kwenye ncha ya shina kuu mche unatengeneza homoni inayoitwa oksini. Homoni hiyo inashuka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ninaposema macho namaanisha vile vituta vidogo pale jani linapotokea, kama macho ya muhogo. Ndo maana mche usioguswa unapanda juu tu.

Ukiiondoa ile ncha, macho yaliyo chini yake yanaamka. Kwenye mrehani macho yako mawili mawili, yanatazamana. Kwahiyo shina moja linakuwa matawi mawili, ukiyakata hayo mawili yanakuwa manne. Chungu kilekile, udongo uleule, lakini sasa mteja anaona kitu kimejaa.

Angalizo: kama mche umerefuka kwa sababu uko kivulini, mkasi hautakusaidia. Utakata, utachipua, utarefuka tena kulifuata jua. Sogeza chungu kwenye mwanga kwanza.

Na siyo kila mmea unapogolewa ncha. Watu wa pwani mnajua, mnazi ukiukata kilele umekufa. Michikichi ya mapambo yenye shina moja ni hivyohivyo, unaondoa majani makavu ya chini tu.

Ukate lini

Anza na siku ya kuuza, kisha hesabu kurudi nyuma. Hizi ni hesabu zangu hapa Dar, kwako zinaweza kupishana kidogo kutokana na jua na udongo.

Mrehani. Kata mara ya kwanza ukifika kama sentimita 15 na una jozi tatu au nne za majani. Kwangu hapo ni kama wiki 6 tangu kupanda mbegu. Baada ya wiki 2 kata tena ncha za matawi mapya. Wiki 2 nyingine chungu kimejaa, piga picha uza. Jumla wiki 10. Ukiona maua yanaanza, yang'oe mapema, maana mrehani ukishachanua unapunguza kutoa majani, na mteja wa jikoni anataka majani.

Rosemari. Hii ni mzito wa kukua. Mimi naipa wiki 6 kati ya kukata na kuuza. Pungufu ya hapo alama za mkasi zinaonekana.

Waridi. Tangu kupogolea mpaka kuchanua tena, chukulia wiki 6 hadi 8. Tufanye hesabu ya Valentine. Kutoka tarehe 14 Februari rudi nyuma wiki 8 unapata tarehe 20 Desemba, rudi wiki 6 unapata tarehe 3 Januari. Maana yake mkasi unafanya kazi wakati wenzako wanawaza sikukuu. Mimi nagawa vyungu vyangu makundi matatu, nakata tarehe 20, tarehe 27 na tarehe 3. Kundi moja likiwahi au likichelewa, jingine litaniokoa.

Bogenvilia. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Inachanua kwenye matawi mapya. Kwahiyo kata mara tu rangi ikishapukutika. Ukisubiri mpaka vichipukizi vipya vianze kuweka rangi ndo ukate, umekata mauzo yako mwenyewe. Kwangu inachukua wiki 8 mpaka 10 kurudi na rangi.

Kuhusu mvua: katikati ya masika sipogolei sana. Kidonda kibichi kikikaa na maji siku nzima ukungu unaingia, na kwenye waridi ugonjwa wa madoa meusi unasambazwa na matone ya maji yanayorukaruka. Kama lazima ukate, subiri siku kavu, fanya asubuhi, vidonda vipate kukauka.

Ukate vipi

1. Mkasi uwe mkali. Mkasi butu unaponda shina, na shina lililopondwa linaoza kirahisi. Kwa mrehani kucha za kidole gumba na cha shahada zinatosha.

2. Safisha mkasi kwa spiriti, hasa ukitoka kwenye mche unaoumwa. Ukikata mmoja mgonjwa kisha ukaendelea na 50 mingine, wewe ndo umeusambaza ugonjwa.

3. Kata juu kidogo ya jicho, kama nusu sentimita. Ukiacha kipande kirefu juu ya jicho, kitakauka na kubaki kijiti kibaya. Ukikata karibu mno unalijeruhi jicho lenyewe.

4. Kwenye waridi, anza kuondoa matawi yaliyokufa, yanayoumwa na yanayosuguana. Acha mashina matatu hadi matano yenye nguvu. Kisha chagua jicho linalotazama nje ya chungu, ukate kwa mshazari ili maji yateremke upande wa pili wa jicho. Tawi jipya litaelekea nje na katikati kutabaki na hewa.

5. Usizidishe theluthi moja ya mche kwa mara moja. Majani ndo jiko la mche, ukiyaondoa mengi unaunyima chakula.

6. Kwenye rosemari kata sehemu ya kijani tu. Ukishuka mpaka kwenye mti wa kahawia usio na majani, mara nyingi hauchipui tena. Hapo ndo kwenye vyungu vyangu 12. Nilifyeka mpaka kwenye mti mkavu kwa sababu nilitaka vilingane urefu.

7. Bogenvilia ina miiba na utomvu wake unaweza kuwasha ngozi. Vaa glavu.

Baada ya kukata

Kosa ambalo wengi hatulioni ni maji. Mche ukipunguziwa majani unakunywa maji kidogo kuliko jana. Wewe ukiendelea kumwagilia kipimo kilekile, udongo unakaa umelowa na mizizi inaoza. Halafu unasema umeuawa na mkasi. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, kama chini bado kuna unyevu acha mpaka kesho. Rosemari ndo haipendi kabisa miguu yenye maji.

Mbolea nayo isubiri. Ukiona machipukizi yametokea ndo weka, tena kidogo. Bogenvilia usiijaze mbolea ya kukuzia majani, utapata majani matupu bila rangi. Ipe jua la kutosha, angalau saa 6 kwa siku.

Matawi usitupe

Hapa ndo gharama ya kusubiri inarudi. Ncha za mrehani zina njia mbili. Za jikoni nafunga vifungu nauzia majirani siku hiyohiyo. Nyingine naziondoa majani ya chini, naziweka kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga bila jua kali, nabadilisha maji kila siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili mizizi inatoka, unahamishia kwenye kiriba. Umepata mche bila kununua mbegu.

Rosemari chukua ncha za sentimita 10 hadi 15, ondoa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi. Inachukua wiki kadhaa, kuwa mvumilivu. Bogenvilia tumia tawi lililoanza kukomaa, urefu kama sentimita 15 hadi 20. Zote zikae kivulini mpaka zianze kuchipua.

Vyungu 7 vya rosemari vilivyopona kwenye ile hasara yangu ndo vilikuwa wazazi. Sikuviuza. Miche mingi ya rosemari niliyonayo leo imetoka kwenye ncha zake.

Daftari na picha

Sasa sehemu ya biashara, hii hata kama unauza kitu kingine isome.

Mimi nina daftari la shilingi 500. Kila kundi la vyungu nimeliandikia mistari mitatu: aina na idadi, tarehe niliyokata, tarehe ya kuwa tayari. Asubuhi kabla sijaweka chochote stetasi nafungua daftari. Kundi ambalo tarehe yake haijafika haliendi stetasi, hata liwe zuri kiasi gani kwa macho yangu.

Picha napiga ya kundi zima, siyo ya mche mmoja bingwa. Pesa ya yule dada niliipoteza hapo kabla hata sijashika mkasi. Nilimuonesha mche mmoja nikamuuzia 30. Mkasi niliutumia kuficha uongo wa picha, na haukuweza.

Mteja akija na oda kubwa, swali langu la kwanza siku hizi ni "unahitaji lini?" Bei inafuata. Akisema wiki ijayo, naangalia daftari. Kama nina 18 tayari namwambia nina 18, na ninamtumia picha ya hizo 18. Akitaka 30 namwambia tarehe ambayo 30 zitakuwepo. Kuna wanaoondoka, sikatai, inauma. Lakini anayeondoka bila kunilipa hanidai, na kesho anaweza kurudi.

Na nikishauza, namtumia mteja ujumbe wa sauti mfupi: ukitaka kuchuma majani, kata ncha juu ya jozi ya majani, usinyonyoe jani mojamoja kutoka chini. Wateja wengi wananyonyoa majani ya chini, mche unabaki kichwa kikubwa na mguu mtupu, kisha wanalalamika kwamba uliwauzia mche mbovu. Ujumbe wa sekunde 30 unakuokolea lawama za mwezi mzima.

Kwahiyo leo kabla hujalala fanya kitu kimoja. Hesabu vyungu vyako, andika tarehe mliyopo, kisha andika sikukuu au oda iliyo mbele yako. Rudi nyuma kwa wiki za mmea wako. Kama siku ya kukata imeshapita, usikate. Uza kama ulivyo kwa bei ya ulivyo, au uweke kwa ajili ya msimu unaofuata. Mche mrefu usio na mvuto bado unauzika kwa punguzo. Mche uliofyekwa jana usiku hauna mteja, niulize mimi.

Mtumie na mwenzako anayeuza maua. Biashara njema.