Nishani ya Babu: Ni Nani Aliyeandika Jina Lake?

Huenda nyumbani kwenu, iwe ni Ganze, Marafa, Takaungu au hapo Shela mjini Malindi, kuna sanduku la mbao ambalo hufunguliwa tu panapokuwa na matanga au kesi ya shamba. Ndani yake mna hati zilizotafunwa na mende, kipande cha zamani, na pengine mkebe wa majani chai. Ukiutikisa mkebe huo utasikia vyuma vikigongana. Hizo ni nishani za babu, aliyekwenda vitani zamani za Keya.

Watoto huzichezea. Kijana mwenye shida huzipeleka kwa sonara kuuliza kama ni fedha. Na kila zinapotolewa, wazee huulizana jambo lile lile: babu alifanya nini hata akapewa hizi? Na yule jirani aliyepigana vita hivyo hivyo akarudi na mguu mmoja, mbona yeye hakupewa kitu kikubwa zaidi?

Swali hilo si la wivu. Ni swali la haki, na linastahili jibu. Lakini kabla ya kulijibu, hebu uchukue mkebe huo uumwage mkekani tutazame pamoja.

Kuna nishani za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ile ya kuonyesha kwamba mtu alikuwapo. Ukiona nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, hiyo ni ya Vita Vikuu vya Pili. Ikiwa imeandikwa Burma, babu alikwenda Bama; ikiwa imeandikwa Afrika, yaelekea alipigana na Waitaliano huko Uhabeshi au Somalia. Ukiona duara la chuma cheupe lenye simba aliyesimama juu ya joka, hiyo pia ni ya vita hivyo vya 1939 hadi 1945. Hizi alipewa kila aliyetimiza muda wake vitani. Nyota ya Burma aliyovaa jenerali ni ile ile aliyovaa askari wa kawaida, na kwa maoni yangu hizi ndizo nishani za haki kuliko zote, kwa kuwa hazikuuliza cheo wala rangi.

Hata hivyo geuza ukingo wa nishani hiyo, utafute jina. Hutaliona. Nishani za Vita vya Pili walizopewa askari wa Keya, sawa na wenzao wa Uingereza, zilitolewa bila jina. Zile za vita vya 1914 hadi 1918 zilichorwa namba, jina na kikosi cha mwenyewe pembeni. Ndiyo sababu nakusihi usizisugue kwa majivu na ndimu ili zing'ae. Ukizisugua kila mwaka, unalifuta jina la babu yako kwa mkono wako mwenyewe.

NGAZI YA USHUJAA

Aina ya pili ni nishani ya ushujaa, na hapa ndipo maneno yanapoanzia.

Katika jeshi la Uingereza, ambalo Keya lilikuwa tawi lake, ushujaa ulikuwa na ngazi, na ngazi hiyo ilifuata cheo. Afisa mdogo akifanya tendo la kijasiri alipewa Military Cross, yaani MC, iliyoanzishwa Desemba 1914. Askari wa chini akifanya tendo kama lile alipewa Military Medal, yaani MM, iliyoanzishwa 1916, au DCM ambayo ilikuwa juu yake kidogo. Risasi zilikuwa za namna moja, lakini malipo ya kuzikabili yalikuwa mbalimbali. Kwa upande wa Keya walitengeneza hata DCM ya peke yake kwa ajili ya askari Waafrika, ikaendelea kutolewa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi 1942, ndipo wakaanza kupewa ile ya wote.

Huenda ukasema, basi Mwafrika angejitahidi apande cheo. Angepanda wapi? Katika vita vyote viwili askari wa Keya aliweza kuwa koplo, sajenti, hata sajenti mejari, lakini mlango wa uafisa ulifungwa. Vijana wa Kenya walianza kupata uafisa kamili uhuru ulipokuwa umekaribia kabisa. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba nishani fulani ilikuwa ya maafisa, elewa kwamba ilikuwa ya Wazungu, ingawa neno hilo halikuandikwa mahali popote.

Juu ya zote ilikaa Victoria Cross, VC. Hii tangu ianzishwe 1856 haikujali cheo. Kuruta aliweza kuipata sawa na kanali. Lakini hakuna askari hata mmoja Mwafrika wa Keya aliyewahi kupewa VC. Je, katika maelfu yote yale waliovuka misitu ya Bama na milima ya Uhabeshi, hakutokea hata mmoja aliyestahili?

ALIYEPANDA JUU YA KIFARU

Malindi ya leo imejaa hoteli na mikahawa ya Waitaliano, na watoto wa ufuoni huzungumza Kiitaliano kuliko walimu wao. Vijana wengi hawajui kwamba mwaka 1940 ndege za Italia ziliudondoshea mji huu mabomu. Majeshi ya Italia yalikuwa Somalia na Uhabeshi, na pwani yetu ilikuwa karibu. Mwanzoni mwa 1941 Keya na vikosi vingine walivuka mpaka, wakauteka Mogadishu mwezi wa Februari, na Aprili wakaingia Addis Ababa.

Mapigano hayakwisha hapo. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito kusini mwa Uhabeshi, vifaru vya Italia vilitokea ghafla na kuwaelemea askari wa Keya waliokuwa wamevuka mto. Sajenti mmoja, Nigel Leakey, mtoto wa walowezi wa Kenya, alipanda juu ya kifaru, akafungua kifuniko chake, akampiga risasi kiongozi wake na wenzake, akamlazimisha dereva akiendeshe mpaka mafichoni. Kisha akashuka akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Akaparamia kingine, akakifungua, na hapo akapigwa risasi akafa. Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye, ilitangazwa kwamba amepewa VC. Ndiyo pekee iliyotolewa kwa mtu wa Keya katika vita hivyo.

Sina neno la kumpunguzia Leakey. Mtu anayekivamia kifaru kwa bastola ni shujaa, awe mweusi, awe mweupe. Tena alikuwa sajenti tu, si afisa, wala hakubebwa na cheo. Lakini itazame vizuri taarifa rasmi ya nishani yake. Inaeleza kwamba alipokwenda kuviwinda vile vifaru vya pili kwa miguu, hakwenda peke yake. Alifuatana na sajenti mejari Mwafrika na askari wengine wawili.

Watu watatu, basi, walitoka naye wakapita penye risasi zile zile kuvifuata vifaru vile vile. Katika taarifa hiyo hawana majina. Wametajwa kama mtu anavyotaja miti iliyokuwa kando ya njia.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Nishani ya ushujaa haitokani na tendo peke yake. Hutokana na kalamu. Ni lazima awepo afisa aliyeliona tendo au aliyeambiwa na mashahidi, ambaye jioni ataketi akaandika kwa Kiingereza safi, apeleke karatasi kwa mkubwa wake, naye ampelekee mkubwa wake, hadi ifike London. VC kwa kawaida ilidai mashahidi watatu. Afisa aliyejua majina ya Wazungu wote wa kikosi chake, lakini askari wake akiwajua kwa namba, angeandika nini? Na kama afisa mwenyewe ameuawa, nani ataandika?

Kuna kanuni nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Hadi mwaka 1979, kwa kawaida mtu aliyekufa vitani hakuweza kupewa MC, wala DCM, wala MM. Marehemu alikuwa na milango miwili tu: VC, au kutajwa katika ripoti ya jemadari, ambako alama yake ni jani dogo la shaba. Sasa piga hesabu mwenyewe. Askari wa Kigiriama au wa Kikamba aliyekufa akimwokoa mwenzake Bama mwaka 1944 alikuwa na mlango wa VC, ambao haukufunguliwa kwa yeyote wa rangi yake katika Keya, na mlango wa jani. Aliyeokolewa angeweza kurudi na nishani, aliyemwokoa hakuweza.

WALIOBEBA MIZIGO

Hayo ni ya askari. Kwa watu wa Kilifi hadithi ina upande mwingine, kwa kuwa wengi wa mababu zetu katika vita vya kwanza hawakubeba bunduki. Walibeba mizigo.

Unajua habari za Mekatilili wa Menza, ambaye sanamu yake imesimama katika bustani inayoitwa kwa jina lake hapo Malindi. Mwaka 1913 aliwakataza Wagiriama wasitoe vijana wao kwa serikali. Akakamatwa, akapelekwa magharibi mwa nchi, akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka. Walioletwa kuwapiga Wagiriama walikuwa askari wa Keya, Waafrika wenzao. Mwishowe Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na wakatakiwa watoe wanaume 1,000 wakawe wapagazi wa jeshi.

Yaani mtu alikwenda vitani kama sehemu ya faini. Nani angemwandikia taarifa ya ushujaa? Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa wala si kwa risasi, na jina lao limebaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Hata nishani ile ya kuonyesha kwamba ulikuwapo, ambayo nimeisifu hapo juu, katika vita vile vya kwanza ilikuwa na madaraja. Askari walipewa ya fedha. Vibarua wa Kichina, wa Kimalta na wa Kihindi wakapewa ya shaba. Vibarua wa Basutoland, Bechuanaland na Swaziland walipata ya shaba vilevile, lakini wenzao weusi wa Afrika Kusini hawakupata hata hiyo, kwa kuwa serikali yao ilikataa katakata.

Mnara wa askari ulioko Mombasa, uliosimamishwa 1927, una maandishi ya Kiswahili yanayoahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa. Ukiwa safarini siku moja, shuka ukautazame. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika na Waasia kwa maelfu mengi hawakuandikwa majina yao kama walivyoandikwa Wazungu.

NA SISI JE?

Waingereza wenyewe walirekebisha ngazi yao. Mwaka 1993 serikali ya John Major iliifuta MM, na tangu hapo MC hupewa mtu wa cheo chochote. Sisi tuna Sheria ya Tuzo za Kitaifa ya 2013, na kamati ya kumshauri Rais. Tazama lakini jinsi tuzo zetu zenyewe zilivyopangwa: Moyo wa Dhahabu una Chifu, Mzee na Morani, na Mkuki Uwakao vivyo hivyo. Ni ngazi tena.

Mfano mzuri ni mwana wa Kilifi, Jenerali Samson Mwathethe, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2015 hadi 2020. Baada ya jina lake ziliandikwa EGH, MBS, DCO. EGH huwafuata wakuu wa majeshi karibu wote, kama gari na mlinzi. DCO ni nyingine, maana jina lake lenyewe linataja mwenendo uliotukuka. Msomaji mwangalifu hujifunza kuzitenganisha herufi za kiti na herufi za kazi.

Na ile kalamu bado inahitajika. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, vijana wetu waliokufa pale hawakuacha mashahidi wengi wa kueleza nani alisimama na bunduki yake hadi mwisho.

Basi rudisha nishani za babu mkebeni. Kabla hujafunga, chukua daftari. Ikiwa ukingoni pana namba na jina, yanakili kama yalivyo, hata kama karani wa Kizungu alikosea tahajia. Ikiwa hapana kitu, andika wewe: jina lake, la baba yake, kijiji, mwaka aliokwenda, nani alikwenda naye na nani hakurudi. Na kama hawe angali hai, muulize leo jioni.