Kutembea na Kutembelea: Siku Moja Katika Vijiji vya Tandala

Kitenzi "kutembea" katika Kiswahili kina maana mbili, ambazo lugha nyingi za Ulaya huzitenga. Maana ya kwanza ni kwenda kwa miguu pasipo haraka. Ya pili ni kwenda kuonana na watu. Mtu akiulizwa jirani yake yuko wapi, naye akajibu, "Ametoka kutembea," hatuwezi kujua kama jirani ananyosha miguu tu au ameketi barazani kwa mwenzake, wala mwulizaji hana haja ya kujua, maana kwake mambo hayo mawili ni moja. Tena kitenzi hicho kikigeuzwa kuwa "kutembelea", habari ya miguu hupungua, hata mtu aweza kumtembelea mwenzake kwa gari. Lakini asili yake haikufutika. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa nchi ya Tandala katika Ukinga, kwa faida ya walimu na wachungaji wanaopelekwa huko. Wengi wao siku hizi hufika kwa gari na kuondoka kwa gari, kisha husema kwamba watu wa milimani ni wazito wa kufungua kinywa. Mimi naona si wazito, hawajatembelewa.

Tandala iko katika wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Misioni ya Berlin iliingia Ukinga katika miaka ya 1890, na Tandala ni mojawapo ya vituo vyake vya kale. Leo pana kazi za Kanisa la Kilutheri na chuo cha ualimu. Na jirani yake, pale Ikonda, pana hospitali ya Wamisionari wa Konsolata iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, ambayo wagonjwa huiendea kutoka mikoa ya mbali. Barabara ya kutoka Njombe hadi Makete, kilomita 107 hivi, imetiwa lami, na hakuna awezaye kuilaumu, kwa kuwa viazi hufika sokoni kabla ya kuoza na wazazi hufika hospitali kabla ya kujifungua. Lakini mwenye kupita barabarani huona paa za nyumba tu. Mashamba, vijito na mazungumzo viko chini, katika mabonde na materemko.

Siku ya kutembea yafaa iwe kati ya mwisho wa Mei na Agosti, mvua zikiisha kukatika. Huo ndio wakati wa kipupwe, na asubuhi nyingine sakitu hulala juu ya majani ikiwa nyeupe kama unga. Kwa hiyo usitoke mapema mno. Saa mbili yatosha, jua likiisha kuupasha udongo. Chukua mwenzako mmoja aliyezaliwa pale, wala usimfanye kiongozi wa njia tu. Yeye ndiye atakayekujulisha kwa watu. Usiweke hesabu ya vijiji vingi. Vitatu ni vingi, na viwili si aibu.

Jambo la kwanza ni salamu. Watu wa pwani wametupa "shikamoo" na "marahaba", salamu nzuri, lakini hupanda upande mmoja: mdogo husema moja na mkubwa hujibu nyingine. Katika Njombe yote, kwa Wabena na kwa Wakinga, na hata kwa Wahehe wa Iringa, utasikia "kamwene", na jibu lake ni "kamwene" vilevile. Ndani ya neno hilo mna kitenzi cha kuona. Basi wanaokutana njiani hushuhudiana kwamba wameonana, mkubwa na mdogo kwa neno lilelile. Mwalimu aliyezoea kuamkiwa na wanafunzi huona ugumu kidogo hapa, maana huenda akangoja aanzwe. Lakini apitaye ndiye mgeni, na mgeni hutangulia kusalimu. Tena haitoshi kusalimu huku ukiendelea na hatua zako. Simama. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani atasimama nao, na wewe usiye na mzigo utapita mbio? Ataulizwa jioni kama amemwona mgeni wa misioni, naye atasema amemwona mtu akipita.

Juu ya kuuliza njia pia pana somo la lugha. Msafiri hapewi hesabu ya kilomita. Huambiwa panda, shuka, vuka. Umbali husemwa kwa sauti. "Pale" ni karibu. "Paale" ni ng'ambo ya bonde. Na "paaale", sauti ikipanda juu na kidevu kikiinuliwa, maana yake leta chakula. Vitabu vyetu vya sarufi hufundisha viashiria vya aina tatu, na hiyo ni kweli kwa maandishi. Lakini kinywani mwa watu kiashiria cha mbali hurefushwa kadiri ya umbali wenyewe, na mwanafunzi wa lugha asipolisikiliza hilo atalala njiani.

Sasa tuje kwenye mabonde, ambako mwalimu ana mengi ya kujifunza. Wakati wa kiangazi, milima inapokauka na kuwa rangi ya simba, chini kabisa utaona kanda za majani mabichi kando ya kijito. Hivyo ndivyo vinyungu. Mgeni wa pwani akilisikia neno hilo hudhani ni vyungu vidogo, kwa kuwa "nyungu" kwake ni chungu. Katika nyanda hizi kinyungu ni bustani ya bondeni. Kazi yake ni ya akili nyingi. Mkulima huchimba mifereji ili maji yaliyozidi yatoke, na udongo wa mifereji huuweka juu ya nyasi zilizofyekwa, hata kunapatikana matuta mapana yaliyoinuka. Nyasi zile huoza ndani na kuwa mbolea. Unyevu hupanda kutoka chini bila mvua. Hapo hupandwa mahindi, maharage, maboga, njegere, na siku hizi viazi mviringo na mboga za kuuza. Mavuno yake huja katika miezi ambayo shamba la mlimani bado halijatoa kitu na ghala limekwisha. Nyumba yenye kinyungu haiombi unga mwezi wa Januari.

Lakini vinyungu vina kesi, na kesi hiyo yampasa mchungaji kuijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za wanadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Sababu yake si ndogo. Maji ya milima hii hugawanyika: mengine hushuka kwenda Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufiki hata mita 500 juu ya bahari, na mengine huenda kaskazini kuingia Ruaha Mkuu, ambao hulisha mashamba ya mpunga ya Usangu na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kijito kikikaushwa juu, mtu asiyemjua Mkinga hata kwa jina huona taa yake imezimika. Hata hivyo bonde lenyewe la Ukinga ni jembamba. Ukipima mita 60 kila upande, mara nyingi umekwisha kulimaliza bonde lote na kuanza kupanda mlima. Basi mkutano wa kijiji huitwa, na mwalimu au mchungaji, kwa kuwa anajua kusoma vizuri, huombwa kueleza. Asiyepata kusimama katika kinyungu na kuuona mfereji wake atasema "uharibifu" na kuketi. Aliyesimama pale atajua kutenga mambo: kuna mtu aliyepanda milingoti kandokando ya chemchemi, mti unaokunywa sana, na kuna mjane anayelima matuta manne ya maharage kwa jembe la mkono. Si haki kuwaita wote wawili kwa neno moja.

Nimetaja milingoti, misindano nayo inazidi, hata mteremko uliokuwa wa ulezi sasa ni msitu wa mbao. Wazee hulalamika na vijana hufurahi, kwa kuwa mbao ni fedha. Pareto bado ipo, na matofaa ya Makete yana sifa nzuri. Hayo nayapita.

Siwezi kuupita ulanzi, ingawa wasomaji wengine wangependa niupite. Mlanzi ni mwanzi unaopandwa karibu na nyumba na kurithiwa kama ng'ombe. Wakati wa mvua, machipukizi yake machanga hukatwa ncha, na maji matamu hudondoka ndani ya mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichofungwa pale. Mgemaji huja asubuhi na jioni, huondoa mbeta na kukata tena kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Ulanzi mpya, mtamu, huitwa mtogwa. Ukikaa huchacha wenyewe pasipo kutiwa kitu, na ule mkali huitwa mkangafu. Makanisa yetu yana hukumu zake juu ya ulevi, nami sizipingi, kwa kuwa nimeona nyumba zilizobomolewa na mbeta. Lakini mhubiri asemaye "ulanzi" kana kwamba ni kitu kimoja husikiwa kama mtu asemaye "maziwa" asijue kwamba kuna mabichi na mgando. Tena ajue kwamba mlanzi ni alama ya mipaka, ni ujira wa waliosaidia kulima, na ni kitu cha kwanza kinachotajwa ndugu wanapogawana urithi. Ukikaribishwa kikombe na wewe huinywi, sema wazi kwa upole, uombe maji au uji. Mwenyeji hataona vibaya. Ataona vibaya ukikipokea na kukimwaga nyuma ya nyumba.

Ndani ya nyumba usiulize mengi. Katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata wilaya ya Makete iliumizwa sana na UKIMWI, kupita sehemu nyingi za nchi, na nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, kizazi cha kati kikiwa makaburini. Wajukuu wale leo ni watu wazima, na baadhi yao ni walimu wenzetu. Kwa hiyo swali jepesi kama "Baba wa nyumba yuko wapi?" si jepesi hapa. Afadhali ukae, upokee viazi ulivyoandaliwa, uvisifu kama ni vizuri (na huwa ni vizuri), nawe utaambiwa kwa wakati wake. Nakiri kwamba ukimya huo huwachosha wageni wa mjini, ambao hudhani lazima kila nafasi ijazwe maneno.

Pengine utaambiwa kwamba baba yuko Makambako, au Mbeya, au Kariakoo, naye ana duka. Wakinga wamekuwa wafanyabiashara wakubwa kusini mwa nchi, na Makambako, penye kituo cha reli ya TAZARA na njia panda ya kwenda Njombe, pana maduka yao mengi. Watu husimulia habari hii kama jambo la jana, lakini mizizi yake ni ya zamani. Wakinga wa kale walikuwa wahunzi, na majembe yao yalishushwa mpaka kwa Wanyakyusa. Wakisi wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa nao walikuwa wafinyanzi, na vyungu vyao vilipandishwa milimani. Njia utakayoikanyaga siku yako ya kutembea huenda ilikuwa njia ya chuma kabla ya kuwa njia ya kanisa.

Kwa lugha yenyewe, R. Wolff wa Misioni ya Berlin alichapisha sarufi ya Kikinga mwaka 1905, na kitabu hicho chastahili heshima. Lakini majina ya vijito, ya udongo, ya hatua za kufuma matete na ya kukata mbeta hayapatikani kwa kuketi ofisini, na vijana wa leo huyasema kwa Kiswahili au hawayasemi. Mwalimu akitembea na daftari dogo, akaandika maneno kumi kwa siku pamoja na jina la kitu, mahali na matumizi, na kumwomba mzee ayasikie yakisomwa tena, atakuwa amefanya kazi ambayo mtaala haumpi nafasi ya kuifanya. Na wanafunzi wake wakiulizwa darasani juu ya maneno ya bibi zao, watajibu kwa sauti ambayo hajapata kuisikia katika somo la sarufi.

Alasiri ikifika utaaga, na hapo ndipo desturi ya kusindikiza. Katika kamusi neno "kusindikiza" huwekwa jirani na "kusindika", na kusindika mlango ni kuusukuma ukaribie kufunga, usiutie komeo. Ndivyo mwenyeji afanyavyo kwa ziara yako. Hutoka nawe uani, akapita shamba lake, akashuka mpaka kijitoni au mpaka pale njia inapopinda, huku mazungumzo yakiendelea. Na mara nyingi lile jambo ambalo hakulisema ndani ya nyumba, la mtoto aliyeacha shule, la deni, au la ugomvi na jirani juu ya mpaka wa kinyungu, hulisema hapo, mkiwa mmetazama mbele wote wawili. Kwa sababu hiyo usikatae kusindikizwa kwa kusema kwamba unaijua njia. Na kama amekubebea mfuko wako wa viazi, usiuombe. Yeye mwenyewe atakuonyesha kikomo cha kusindikiza kwa kuurudisha mkononi mwako.