Picha za Kutoka Angani na Shamba Lako la Mahindi

Mkulima wa Embulbul akisimama kandoni mwa shamba lake, milima ya Ngong ikiwa mbele yake, hupima hali ya mahindi kwa rangi. Yakiwa kijani hufurahi. Yakigeuka manjano huingiwa na wasiwasi. Siku hizi ziko mashine zinazoipima rangi hiyo kutoka angani. Wako wakulima wanaodhani kwamba mashine hizo zitawaondolea taabu ya kukagua mashamba. Makala haya yaeleza jinsi zinavyofanya kazi, na mahali kazi yake inapokoma.

PICHA HIZO HUPIGWAJE?

Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula. Uko mwanga mwingine uitwao infraredi, ambao macho ya binadamu hayauoni. Huo jani halina kazi nao, hivyo huurudisha kwa wingi. Jani likiugua au likikosa maji mambo hugeuka: mwanga mwekundu hurudi zaidi, na infraredi hupungua. Kamera ya setilaiti hupima mianga hiyo miwili, na kwa kuilinganisha hupatikana kipimo cha ukijani. Pengine kipimo hicho hushuka hata kabla macho yetu hayajaona manjano.

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupita juu ya mahali pamoja kila siku 5, na picha zake hutolewa bure. Kenya nayo ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, na kusaidia kilimo ni mojawapo ya kazi iliyokusudiwa.

MASHINE HUFUNDISHWAJE?

Picha ni nyingi mno, mtu hawezi kuzitazama zote. Kwa hiyo kompyuta hufundishwa kuzisoma. Mtoto wa kuchunga hafundishwi kwa kitabu. Baba humwonyesha: ndama huyu mgonjwa, yule mzima. Akiisha kuonyeshwa wengi, huwatambua mwenyewe. Kompyuta nayo huonyeshwa maelfu ya mifano. Watu huenda mashambani na kuandika: hapa pana mahindi, hapa maharagwe, hapa nyasi. Baada ya hapo kompyuta hukisia yaliyomo katika mashamba mengine. Lakini kijana aliyechunga ng'ombe tu hubabaika mbele ya ngamia. Na mashine isiyopata kuonyeshwa mashamba kama yako itakosea.

Faida yake ni kubwa kwa nchi nzima. Serikali yaweza kujua mapema wilaya gani imekaukiwa. Tena tangu Januari 2010, kwanza huko Marsabit, wafugaji wamepata kukata bima ya mifugo ambayo hulipa kwa kipimo cha malisho kilichotoka angani, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

MAHALI KAZI YAKE INAPOKOMA

Kwanza, udogo wa shamba. Mraba mdogo kabisa katika picha za Sentinel-2 ni mita 10 kwa mita 10. Ekari moja ina miraba 40 hivi. Lakini ploti ya futi 50 kwa 100, kama nyingi zilizogawanywa siku hizi, haipati hata 5, na ndani yake mna mabati, miti na ua wa jirani.

Pili, mawingu. Kamera hizo hazioni kupita mawingu, na mahindi yetu hukua wakati wa mvua.

Tatu, magugu nayo ni kijani. Shamba lililosongwa na magugu laweza kuonekana zuri kutoka juu, na huku mwenyewe atavuna magunzi.

Nne, na hili ndilo kubwa: mashine ikionyesha kwamba mahindi yamefifia, haisemi kwa nini. Hapo hapana budi mkulima aingie shambani kwa miguu.

TAZAMA HAYA

1. Manjano yakianza kwenye ncha za majani ya chini na kufuata mshipa wa katikati, mahindi yana njaa ya naitrojeni. Yape samadi au mbolea ya kukuzia.

2. Mahindi yakiwa manjano mahali maji yanaposimama, hasa katika udongo mweusi unaoshika maji, mizizi yakosa hewa. Chimba mfereji kwanza.

3. Majani machanga yakiwa na madoadoa ya manjano, kisha yakakauka kuanzia kandoni, huenda ni ule ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Kenya mara ya kwanza huko Bomet mwaka 2011. Mbolea haiuponyi. Mwite Bwana Shamba upesi, wala usiweke mbegu kutoka shamba hilo.

4. Majani yakiwa na matundu, na katika moyo wa mhindi pana uchafu kama unga wa mbao, tafuta viwavijeshi.

Kwa viwavijeshi iko programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotolewa mwaka 2018 na Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani pamoja na shirika la FAO. Hutazama jani kwa kamera ya simu, hufanya kazi bila intaneti, na husema Kiswahili. Nayo ilifundishwa kwa mifano, basi jibu lake ulipime kwa macho yako.

Mfuko wa mbolea ni ghali. Ukiumwaga juu ya mahindi yenye maji miguuni, umetupa fedha yako, na mvua itaichukua mpaka mtoni. Picha ya angani yaweza kukuonyesha pembe ya shamba iliyo na shida. Kuijua shida yenyewe ni kazi yako. Basi pita kati ya mistari angalau mara moja kila juma, uinamishe kichwa, ugeuze majani.