Kabla binti hajapanda ndege ya Maskati

Buguruni, Dar es Salaam, kuanzia Malapa hadi kwa Mnyamani, habari za kazi za ndani Uarabuni hupita mdomo kwa mdomo: shoga kaniambia, wakala kapiga simu, tiketi imeshalipwa. Kazi yenyewe ni halali, na wapo waliosomesha wadogo zao kwa mshahara wake. Hatari imo katika namna safari inavyopangwa.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Wengine walitumikishwa hadi saa 21 kwa siku. Mzizi wa mateso hayo ni mfumo wa kafala, unaofungamanisha kibali cha mfanyakazi na mwajiri mmoja. Akikimbia mateso, yeye ndiye huweza kushtakiwa kwa utoro. Ndiyo maana kinga yake hujengwa angali nyumbani.

Kwanza, viza. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, na wakala anayesema "utabadilishiwa hukohuko" anakupeleka usikokuwa na haki ya kudai chochote. Pili, wakala mwenyewe. Kabla hujampa pasipoti, uliza TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kama amesajiliwa. Tatu, mkataba. Usitie saini usichokielewa. Tafuta wa kukutafsiria. Uwe na jina na anwani ya mwajiri, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na nani atalipa tiketi ya kurudi.

Nakala za pasipoti, viza na mkataba zibaki kwa mama au kaka. Namba za dharura zikariri, maana simu nayo huchukuliwa: polisi wa Oman ni 9999, wa Falme za Kiarabu 999. Tanzania ina ubalozi Maskati na Abu Dhabi.

Nanyi wazazi, kubalianeni siku ya kupigiana simu. Ikipita kimya, nendeni polisi na Wizara ya Mambo ya Nje mkiwa na nakala hizo. Msizuiwe na aibu kwamba binti alikwenda kwa hiari yake. Chini ya sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ridhaa iliyopatikana kwa hadaa haimwokoi mhalifu.